Tafadhali Usiwapige Picha Hawa

Nchi ninayoisimulia si hii yetu. Naomba hilo lieleweke mapema, maana mimi ni mama wa watu na sitaki kugongewa mlango. Hii yetu haina mambo hayo. Nchi yenyewe iko mbali kidogo. Ukifika mpakani unaambiwa usimame, ugeuze uso kwenye mwanga, utabasamu, halafu ndipo unaulizwa jina.

Huko, jambo lisipopigwa picha halihesabiki kuwa limefanyika. Likishapigwa picha, hakuna haja tena ya kulifanya. Ndiyo maana maendeleo yao yanakwenda mbio. Kisima kinazinduliwa asubuhi, Mheshimiwa anakunywa maji aliyokuja nayo kwenye chupa, picha inapigwa, na mchana bomba linang'olewa likazinduliwe kijiji cha pili. Wanakijiji hawalalamiki. Wakishikwa na kiu wanaitazama picha.

Mikutano yao ndiyo usiseme. Nasikia zamani watu walikuwa wanakutana, wanazungumza, na mwisho wanapiga picha ya pamoja na mgeni rasmi. Ikaonekana mazungumzo yanachelewesha picha, watu wanatoka jasho, poda zinachuruzika. Ikaamuliwa picha itangulie. Baadaye ikaamuliwa mazungumzo yapunguzwe. Mpaka mimi naijua nchi hiyo, kulikuwa na picha ya kuwasili, picha ya kuketi, picha ya kutafakari (hapo unashika kidevu), picha ya chai na picha ya kuagana. Mkutano wa wataalamu wa mafuriko ulirudiwa wote kwa sababu kwenye picha ya kutafakari Mheshimiwa alikuwa amefumba macho. Mafuriko yenyewe yalikuja siku hiyohiyo, lakini hakuna aliyekuwa tayari na kamera, kwa hiyo kwenye taarifa hayamo.

Haya yote yanasimamiwa na Wizara ya Taswira, na Waziri wake alikuwa Mheshimiwa Luhende, mtu wa heshima sana mwenye upande mzuri wa kushoto. Ukimjia kwa kulia walinzi wanakuzungusha.

Katika nchi hiyo nilikuwa na binti. Tumwite Mwanaheri.

Mwanaheri alisomea meno. Anang'oa jino lako huku anakuuliza habari za watoto, ukija kushtuka jino liko kwenye sahani. Aliolewa na mtu anaitwa Shomari, kijana wa kupendeza, mwenye salamu nzuri, ambaye wageni wakishaondoka alikuwa anampiga. Siku alipomvunja mkono, mwanangu alishtaki kwa wazee wa ukoo wa mume. Wazee wakaitisha kikao cha suluhu. Kikao kilikuwa kifupi. Waliwasimamisha mbele ya pazia zuri, wakamwambia Mwanaheri auweke nyuma ule mkono wenye plasta usiharibu, wakasema chekeni. Picha ikatoka safi, ikatundikwa sebuleni. Tangu siku hiyo kila alipokwenda kushtaki walimwonyesha ukutani.

"Sasa mwanetu, mbona hapa mnacheka?"

Akatoroka. Alibeba mtoto mgongoni na mimi nikabeba masufuria. Tulihamia mji mdogo ambao sitautaja, akapata kazi kwenye zahanati, mtoto akaanza kutembea, akaanza kusema, akaanza kunigombeza. Shomari alituma salamu kwa kila aliyetujua: "Mwambieni popote nitakapouona uso wake, nitafika. Na mtoto nitamchukua." Kwa hiyo tuliishi bila uso. Hatukwenda harusini. Kwenye misiba tulikaa jikoni. Jirani akiinua simu, Mwanaheri alikuwa anainama kama kadondosha kitu. Mtaani wakadhani ana tatizo la mgongo.

Ndipo ikaja barua ya Kongamano Kuu la Watabibu wa Meno. Asiyehudhuria mpaka siku ya mwisho anapoteza leseni.

"Hutoki," nikamwambia. "Waambie unaumwa."

"Mama, nikipoteza leseni tutakula nini? Halafu safari hii kuna utaratibu mpya. Kuna sheria ya ridhaa."

"Ridhaa ya nini?"

"Ya picha. Wafadhili wamekataa kutoa vifaa mpaka watu wawe wanaulizwa kwanza. Ukikubali kupigwa picha unavaa utepe wa kijani. Ukikataa unavaa mwekundu, na hakuna wa kukugusa."

"Hakuna?"

"Hata Waziri, Mama."

Nilipiga vigelegele, nisiwafiche. Nikasema serikali imetuona. Sasa nikifikiria neno hilo, kutuona, nguvu zinaniishia. Nikafunga vitenge vyangu nikaenda naye, nimshikie mtoto.

Mlangoni pa ukumbi alikaa dada mmoja mchangamfu anaitwa Leokadia, na cheo chake ni Afisa Ridhaa. Mezani alikuwa na kikapu cha tepe za kijani zinamwagika, na kisahani chenye tepe nyekundu chache.

"Karibu, daktari! Kijani au mwekundu?"

"Mwekundu," akasema Mwanaheri.

"Hongera! Huo ni ujasiri. Basi simama pale kwenye alama, tazama mbele."

"Nisimame kwa ajili gani?"

"Picha."

"Dada, nimesema mwekundu."

"Nimekusikia, mpendwa. Ndiyo maana. Sasa mpiga picha atajuaje asikupige wewe kama hajui sura yako? Tutakupiga ya mbele, ya ubavu, na ya kutabasamu, maana watu wakitabasamu wanabadilika."

Nikaingilia. "Mwanangu, na asipotaka hiyo ya kutokupigwa?"

"Basi hana utepe, mama yangu. Na kanuni inasema asiye na utepe amekubali."

"Si mtazame tu utepe? Si mwekundu huu, hata mimi nauona."

Leokadia akacheka kwa upole, kama unavyomchekea mtoto aliyeuliza jua linalala wapi. "Bibi, utepe unaweza kudondoka. Sura haidondoki."

Mwanaheri akanitazama. Nikatazama pembeni, kwa sababu mimi ndiye niliyepiga vigelegele. Akauliza: "Hiyo picha itakaa wapi?"

"Kwenye droo. Na droo ina kufuli."

Akasimama. Wakampiga mbele, ubavu, na ya kutabasamu, na hiyo ya mwisho walirudia kwa sababu hakutabasamu.

Tulipotoka kwenye chai tukaona watu wamejazana mlangoni, wanasukumana. Nikadhani mgonjwa. Kumbe ni ubao. Ubao mpana, umezungushiwa maua ya karatasi, juu umeandikwa kwa herufi kubwa: TAFADHALI USIWAPIGE PICHA HAWA. Chini yake sura za wenye tepe nyekundu, kila moja kubwa kama sinia la pilau. Mwanangu alikuwa katikati, maana ndiye aliyetoka vizuri. Na kwa kuwa ule ubao ndio uliokuwa kitu kizuri kuliko vyote pale ukumbini, kila mtu alikuwa anasimama mbele yake na kujipiga picha nao.

"Samahani dada, inama kidogo unaniziba," mmoja akamwambia Mwanaheri. Alikuwa anamwambia aiachie nafasi picha yake mwenyewe.

Tukamwendea Leokadia. Mwanaheri akaipiga meza kwa kiganja.

"Ulisema droo!"

"Na ilikuwa droo. Lakini kamati ikauliza, wapiga picha wataionaje wakati iko ndani? Hoja ilikuwa nzito."

"Dada, kuna mtu akiniona ataniua. Unanielewa? Si mafumbo."

Nasema haki, Leokadia alibadilika uso. Si mtu mbaya yule. Hiyo ndiyo hatari ya nchi ile, huwapati wabaya wa kuwalaumu. Akamshika mkono, akasema pole sana, jambo hili tunalichukua kwa uzito, na akakimbia. Baada ya muda akarudi anahema, amefurahi. "Tumelimaliza. Njoo uone."

Tulikwenda tukaona. Wamemwekea Mwanaheri ukanda mweusi machoni. Na kwa kuwa sasa mpiga picha asingeweza kumtambua vizuri, chini ya picha wameandika jina lake lote, zahanati anayofanyia kazi, na mtaa anaokaa.

"Faragha," akasema Leokadia, akinong'ona kwa heshima.

Alasiri aliingia Mheshimiwa Luhende. Tulisimama. Mshereheshaji akatangaza kuwa itifaki imezingatiwa. Hotuba ninaikumbuka karibu yote, kwa sababu nilikuwa nyuma nimemziba mtoto mdomo.

"Ndugu zangu watabibu wa meno! Ninyi ndio mafundi wa tabasamu la taifa. Bila ninyi, picha zetu zingekuwa na mapengo. Leo nataka niwahakikishie wafadhili wetu, yule bibi pale mbele, kwamba katika nchi hii faragha si maneno. Faragha inaonekana! Nimepita mlangoni nimeiona kwa macho yangu. Yuko wapi yule binti wa katikati? Yule asiyetaka kuonekana? Simama, mwanangu! Usione haya!"

Shingo zote zikageuka. Mwanaheri akazama kwenye kiti.

"Anaona haya! Mmeona? Huo ndio mfano! Naagiza sura hii ya kukataa kuonekana ibandikwe kila stendi, kila soko, kila ofisi, ili wananchi wajifunze kuheshimu sura zisizotaka kuonekana!"

Makofi. Yule bibi wa wafadhili akaandika kitu, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Nataka niseme ukweli kuhusu serikali ile: barabara wanaahidi, zinachelewa. Dawa wanaahidi, zinachelewa. Mabango hayakuchelewa. Jioni ile simu za watu zote zilikuwa na mwanangu, na kesho yake, wakati watu wanajiandaa kwa picha ya kuagana, nilikuwa kwenye foleni ya chai nikasikia sauti nzuri nyuma ya sikio langu.

"Shikamoo, mama."

Mdomo ukaitikia marahaba wenyewe, kwa mazoea. Nikageuka. Shomari. Shati limepigwa pasi, ananukia, ana utepe wa kijani kifuani.

"Mmetusumbua, mama. Tumetafuta, tumetafuta. Kumbe serikali inajua." Akachukua sambusa, akaniwekea na mimi moja kwenye sahani, kama mkwe mwema. "Mtoto yuko wapi?"

"Hakuja."

"Mama hujui kudanganya. Nitawachukua wote baada ya picha. Kwa utulivu tu. Sitaki aibu mbele za watu."

Aliposema hataki aibu mbele za watu nikajua tumekwisha, kwa sababu yale mengine yote alikuwa anayafanya watu wakishaondoka.

Nikamkimbilia Leokadia. Nikamkuta anafuta machozi ya furaha.

"Bibi! Umemwona? Mume amempata mkewe kupitia kampeni yetu! Nimeshamwambia Mheshimiwa. Anataka awakutanishe yeye mwenyewe, pale kwenye ngazi, kwenye picha ya pamoja."

"Dada, huyo ndiye. Huyo ndiye tuliyekuwa tunamkimbia. Si tulikwambia?"

Akaacha kufuta machozi. "Mlisema mtu. Hamkusema mume."

"Sasa mume si mtu?"

Akafungua faili lake. Akasema ratiba imeshapita kwa Mheshimiwa.

Watu wote wakapangwa kwenye ngazi za nje. Meza kuu walikaa mbele, wafupi nyuma yao, warefu juu. Kwenye ngazi ya chini palikuwa na utepe mrefu mwekundu umefungwa kati ya nguzo mbili, wa Mheshimiwa kukata, ingawa sikusikia anazindua nini. Mheshimiwa akasimama, kamshika bega Shomari, kaigeuzia kamera upande wa kushoto.

"Mwanaheri! Njoo, mwanangu! Njoo kwa mumeo!"

Watu wakaanza kupiga makofi ya kumwita. Nilikuwa nimeshamchukua mtoto kwa mama yake, yuko mgongoni kwangu, kafunikwa na kitenge mpaka kichwani. Nilimwona Mwanaheri ameinama vile vyake, kama kadondosha kitu. Halafu akanyooka. Sijui nguvu alizipata wapi.

"Mheshimiwa," akasema, sauti ndogo lakini imetoka, "mimi nina utepe mwekundu."

Makofi yakakatika ovyo, huku yameisha, kule bado.

"Najua, mwanangu, lakini hii ni picha ya furaha."

"Sheria inasema mwenye utepe mwekundu haingii kwenye picha yoyote. Hata yako."

Mheshimiwa akamtazama Leokadia. Leokadia akamtazama bibi wa wafadhili. Bibi wa wafadhili alikuwa ameshika kalamu, anasubiri. Leokadia akapiga hatua moja mbele. Kisha akasema, na ninamwombea mpaka leo kwa hilo: "Mheshimiwa, ndivyo ilivyo. Mwenye mwekundu anatakiwa atoke kabisa, asionekane hata kivuli."

"Basi na mimi natoka naye," akasema Shomari, anajivuta.

"Wewe una kijani, kijana," Mheshimiwa akambana bega. "Wewe umekubali. Tulia."

Mwanaheri akaanza kushuka ngazi. Lakini njia ya kwenda getini ilikuwa ndefu na wazi, na Shomari alikuwa anaipima kwa macho. Picha ikishapigwa tu, angetufikia kabla hatujagusa geti.

Hapo ndipo mama mmoja mnene wa safu ya warefu, Daktari Bertila, mng'oa meno wa siku nyingi, akapaza sauti.

"Leokadia! Na mimi nimebadili nia. Nipe mwekundu."

"Daktari, nyekundu zimekwisha."

"Zimekwisha vipi na hii hapa?" Akashuka akihema, akatoa mkasi kwenye koti lake, akaukata ule utepe wa Mheshimiwa. Akajibandika kipande. "Haya, nani mwingine?"

"Mimi hapa, dada Bertila!"

"Nikatie na mimi, na wa shoga yangu!"

"Jamani msisukumane, upo wa kututosha!"

Ikawa vurugu. Kumbe wale wanawake walikuwa wameona anamkimbia nani. Mtu anayefanya kazi mdomoni mwa watu anajua taya lililovunjwa na ngazi na taya lililovunjwa na mtu. Safu nzima ya warefu ikashuka, wafupi wakafuata, hata wanaume kadhaa. Wakatuzunguka mimi na Mwanaheri, makoti meupe mbele, makoti meupe nyuma, tukaenda getini kama kundi la nyuki waliohama, huku Daktari Bertila anaimba nyimbo za harusi tusisikie tunavyoitwa.

Nyuma yetu nilisikia Shomari: "Niachie, mzee!" Na Mheshimiwa: "Tulia, kijana, unanitikisa." Na mpiga picha: "Mheshimiwa umefumba macho. Turudie." Kisha tena: "Huyo mgeni kageuka. Turudie." Kisha: "Jua limeingia kwenye lenzi. Turudie." Mpaka leo sijui kama mpiga picha yule alijua anachokifanya, au ni kazi tu.

Picha ilitoka gazetini. Mheshimiwa, Shomari, na ngazi tupu. Ili isionekane upweke, wizara ilichora watu ngazini, na kando ya Shomari ikamchora mke. Akapendeza. Maandishi yakasema: FAMILIA YAKUTANISHWA.

Shomari alikwenda polisi kuomba msaada wa kumtafuta mkewe. Polisi wakafungua gazeti, wakamwonyesha.

"Mke si huyu hapa?"

"Huyo amechorwa!"

"Bwana, unasema Wizara ya Taswira inadanganya?"

Akasema hapana, hasemi hivyo. Akarudi kwao. Nasikia bado anatafuta, ila sasa anatafuta bila polisi.

Na sisi tukahama tena. Zahanati ile tuliiacha, na jirani waliotuzoea, na mdoli wa mtoto uliobaki juu ya kamba ya nguo. Hatukurudi kuuchukua. Huo ndio mwisho mzuri kuliko yote tuliyoweza kupata, nisiwadanganye kwamba tulishinda.

Sasa naandika haya kwa ajili yenu mnaokwenda mikutanoni, mnaovaa beji na kula sambusa za bure. Unapoinua simu kumpiga rafiki yako, nyuma ya bega lake kuna mtu ameketi. Humjui. Labda anatafuna tu. Labda amesema nyumbani yuko kwingine, na ana sababu. Muulize. Akisema hapana, usimuulize kwa nini, wala usimsifie kwa ujasiri. Teremsha simu, basi. Na mabinti zangu, mkiambiwa picha itakaa kwenye droo, ombeni muione kwanza droo yenyewe.

Na wewe uliyefika mpaka hapa, najua unachotaka kuuliza. Unataka kujua sasa yuko mji gani, anafanya kazi wapi, mtoto amefika darasa la ngapi. Jina lake si Mwanaheri. Meno hakuyasomea. Na kabla sijakujibu mengine, hebu niambie, ndugu yangu: unamtafutia nini?